Kikundi cha wanaoacha pombe si mkutano wa mradi

Ndugu Mhariri,

Ile habari yenu ya ulevi huku kusini, yenye picha ya vijana waliolala chini ya mkorosho, nimeisoma na kuirudia. Ofisa mliyemnukuu anasema vikundi vya kuwasaidia wanaotaka kuacha pombe vipo, ila walevi wenyewe hawataki kwenda. Nimekuwa msomaji wenu kwa miaka mingi na sijawahi kuwaandikia. Hili nimeshindwa kulinyamazia.

Nina mdogo wangu, jina lake siliandiki. Alianza na uraka, pombe ya maji ya mabibo, kama vijana wengi wa Masasi matunda hayo ya mkorosho yanapoanza kudondoka, kisha akahamia kwenye nipa, gongo ya mabibo. Uraka huisha na msimu. Nipa inakaa kwenye madumu, inanyweka mwaka mzima. Viroba, ile pombe kali ya vipakiti, vilipopigwa marufuku Machi 2017 tulishangilia, lakini kwetu shida haikuwa viroba.

Siku moja alisema mwenyewe, bila kusukumwa na mtu, kwamba amechoka na anataka kuacha. Tukaanza kuulizia. Zahanati wakatuelekeza hospitali, hospitali wakatuelekeza ustawi wa jamii, na huko tukaambiwa tujaribu Dar es Salaam. Mtu anayetetemeka mikono atasafiri kwenda Dar es Salaam kila wiki kwa nauli ya nani?

Hatimaye tukasikia kuna kikundi, nikamsindikiza. Kilikuwa kinakutana kwenye baraza la ofisi ya kata, kando ya barabara, tena siku ya gulio. Watu wamebeba matenga ya samaki wanapita wanatazama. Kabla hajakaa akapewa daftari: jina kamili, kijiji, namba ya simu, sahihi. Akaandika, kwa sababu aliambiwa asiyeandika hapati nauli. Kisha akaja kijana wa mradi mwenye kizibao, akawapanga mstari na kuwapiga picha na bango lao. Mdogo wangu alijifunika uso kwa kofia, akaambiwa aivue ili picha itoke vizuri. Aliivua! Hapakuwa hata na mmoja aliyeulizwa alilalaje, anakunywa tangu lini, au nyumbani nani bado anaongea naye. Walihutubiwa madhara ya pombe, kana kwamba kuna anayeyajua kuliko wao, kisha wakapewa soda. Wiki haijaisha, picha ile inazunguka kwenye magrupu ya simu, na watoto wanamwita mdogo wangu "mlevi wa mradi". Hakurudi tena kwenye kikundi, alirudi kwenye nipa. Sasa ofisa anasema hawataki kwenda. Yeye angekwenda?

Vikundi vya Alcoholics Anonymous, vya walevi wanaosaidiana wenyewe kuacha, vilianza mwaka 1935 mjini Akron, Marekani, kwa watu wawili tu. Bill Wilson, dalali wa hisa, alikuwa ameacha pombe miezi michache tu. Biashara iliyompeleka Akron ilipoharibika akahisi ataanguka tena, akatafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Akakutanishwa na Dk. Bob Smith, daktari wa upasuaji aliyekuwa anakunywa hadi siku hiyo. Waliketi wakaongea kwa saa nyingi. Hadi leo sharti la kujiunga ni moja, uwe unataka kuacha kunywa. Hakuna ada, jina la ukoo halihitajiki, na ya mwenzako huyatoi nje. Mwaka 1951 vikaundwa na vya ndugu na wenza wa walevi, Al-Anon, maana na sisi tunaoishi nao tunaumia. Katika hayo yote, lipi linasubiri mfadhili?

Na hao wanaotangaza "acha pombe leo" wawe waangalifu. Mtu aliyezama miaka kwenye pombe akiikata ghafla anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo, kisha akachanganyikiwa, akaona vitu visivyokuwepo, na hata kufa. Mdogo wangu alipojaribu kuacha peke yake alianguka uani akiwa amekakamaa. Majirani wakasema majini. Tulipomfikisha kwenye zahanati tukaambiwa tumpe maji alale, ni uchovu wa pombe. Hali hiyo ina matibabu, diazepamu na vitamini B1, chini ya uangalizi wa daktari, na si dawa za kutafutwa Ulaya. Anayepokea wagonjwa zahanati anapaswa kuitambua mara moja na kumpeleka mgonjwa hospitali.

Ninachoomba ni kidogo. Kila kata ifungue darasa moja la shule ya msingi, saa kumi na moja jioni wanafunzi wakishaondoka, isiwe siku ya gulio wala Ijumaa. Liwe darasa la nyuma, lisiloonekana kutoka barabarani. Daftari lisiwepo, simu zizimwe, vizibao vibaki ofisini. Chai wachangie wenyewe. Awepo walau mtu mmoja aliyeacha pombe akadumu, na mwenyekiti wa mtaa asiingie, labda kama naye anataka kuacha. Lianze Agosti, kabla mabibo hayajadondoka na kabla fedha za korosho hazijaanza kuingia. Mwandishi wenu akirudi huku, akaulizie darasa hilo liko wapi, na kamera aiache kwenye gari.

Dada wa mnywaji,
Masasi, Mtwara
(Jina tunalo – Mhariri)