Gari letu la kupaa

Swahiba wangu,

Salamu nyingi sana. Swali lako limenikaa kichwani wiki nzima: lile gari la kupaa tuliloahidiwa utotoni limeishia wapi? Nimelifukua jarida tulilokuwa tukiligombania. Jalada limepauka, lakini familia ile bado imo garini, mabawa mafupi ubavuni, na pande zote anga tupu. Hakuna gari jingine hata moja! Miaka yote ile hatukuliona hilo. Hebu wapandishe na majirani wote hewani kwa wakati mmoja, kila mtu na haraka zake, uone.

Na gari lenyewe liliwahi kuundwa, tena likaruka. Aerocar ya Mmarekani Moulton Taylor ilipaa mwaka 1949. Yakaundwa sita tu, basi. Barabarani gari linataka uzito na chuma cha kuhimili kugongwa. Hewani kila kilo ya ziada inalipiwa mafuta. Ukiviunganisha unapata gari dhaifu na ndege nzito.

Kinachoniuma zaidi ni Concorde, ile ndege ya abiria yenye kasi kuliko sauti. Ilianza kubeba abiria mwaka 1976, na London hadi New York ilikuwa saa tatu na nusu hivi. Mwaka 2003 ikastaafishwa, tukarudi kwenye saa saba na zaidi. Tumerudi nyuma, swahiba! Watabiri walitazama farasi, kisha treni, kisha ndege, wakadhani kasi itazidi kupanda tu. Kumbe ndege ile ilibeba watu kama mia moja, ikifakamia mafuta, na ikiipita sauti inaacha kishindo cha kutikisa madirisha. Marekani ilikwisha kupiga marufuku ndege za kiraia kwenda kasi hiyo juu ya ardhi yake tangu 1973. Wahandisi waliiweza kazi. Mifuko na masikio ya watu ndivyo vilivyoikataa. Mwezini nako, mashindano ya Wamarekani na Wasovieti yalipopoa, fedha nazo zikapoa. Watu wa mwisho waliondoka huko Desemba 1972.

Lakini simu ya picha je, ile ya kuonana sura mkiongea? Nayo ilidhaniwa imekufa. Kampuni ya simu ya Kimarekani AT&T waliianzisha mjini Pittsburgh mwaka 1970, dola 160 kwa mwezi, wateja wakawa haba, maana ukiwa nayo utampigia nani kama mwenzako hana? Ikaja kufufukia ndani ya simu ambazo watu walishazinunua kwa mambo mengine. Jana usiku nimemwona mjukuu wangu akijaribu kutembea, hatua tatu, akaketi kwa kishindo, akacheka. Yuko mbali nami kabisa. Machozi yalinitoka. Kuubeba mwili wa mtu hewani kunakula nishati nyingi mno; kuibeba sura yake ni kama hakuli chochote.

Nakutumia picha ya lile jalada. Tazama kando ya usukani: mchoraji amewawekea simu, na ina waya wa kujisokota.

Ndimi swahiba wako.