Barua ya wazi kwa mabinti wanaotaka ubunge: mjueni Aoua Keita

Marahaba, wanangu. Salamu zenu nimezipokea, ila moyo wangu haujatulia tangu mliponialika kwenye mafunzo ya wagombea. Kutwa nzima mlifundishwa namna ya kusimama mbele ya kamera, kitenge kinachokaa vizuri kwenye bango, na maneno ya kuandika kwenye fulana. Nilipouliza nani anamjua kwa jina muuguzi wa zahanati ya kata anayotaka kugombea, mlitazamana. Nilikasirika, na bado nimekasirika. Mnaomba kura kwa watu msiowajua.

Kwa hiyo nawasimulia Aoua Keita wa Mali. Alizaliwa Bamako mwaka 1912. Baba yake ndiye aliyempeleka shule. Mama hakutaka kabisa. Akasomea ukunga Dakar, akahitimu 1931, akapangiwa kazi Gao, kaskazini kabisa kando ya mto Niger, kwa watu wasiozungumza lugha ya nyumbani kwake.

Mimi nimekuwa mkunga maisha yangu yote, basi hapa mniache niseme. Mama mwenye uchungu hakufungulii mlango kwa sababu una cheti. Anakufungulia kwa sababu ulikuja usiku ule dada yake alipojifungua, mvua inanyesha, na hukuuliza nani atalipa. Mtoto akifa, unakaa msibani na mama yake, hukimbii. Ukikaa hivyo miaka, unajua mume yupi anapiga, nyumba ipi haijawasha moto tangu jana, binti yupi ameachishwa shule aolewe. Hakuna mtafiti wa kura atakayekuletea habari hizo. Aoua aliishi hivyo Gao na vituo vingine, kwa hiyo alipojiunga na chama cha US-RDA mwaka 1946, kile cha kina Modibo Keita, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Mali, alikuwa tayari na watu wanaomwamini. Alichaguliwa mbunge 1959. Hesabuni wenyewe kuanzia 1931: miaka 28 ya kuhudumu kabla ya kuitwa mheshimiwa. Ninyi mnataka mwaka huu huu, na mkikosa mnahama mtaa!

Tena asidhani mtu kwamba njia yake ilikuwa laini. Mwaka 1949 ndoa yake ilivunjika kwa shinikizo la mama mkwe, kwa sababu hakujaliwa kuzaa. Mikono iliyopokea watoto wa wenzake haikumwokoa. Mwaka 1951 aliukana uraia wa Kifaransa, maana Mali ilikuwa koloni la Ufaransa, na wakoloni, walipochoka na siasa zake, wakamhamishia Casamance, kusini mwa Senegal. Mwaka 1958 akaingia kwenye uongozi wa juu wa chama, mwanamke peke yake kati ya wanaume. Na katika kampeni ya 1959, akigombea Sikasso, chifu wa kijiji kimoja alimfukuza mbele ya watu: mwanamke gani huyu asiye na haya, anayetaka nafasi ya wanaume? Aliendelea na kampeni, akashinda, akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge katika nchi yake.

Najua kuna mmoja wenu aliyejitoa kwa sababu ya matusi ya mtandaoni. Mwanangu, sikulaumu hata kidogo. Nawalaumu wanaume wazima waliokaa kutunga uchafu ule juu ya mwili wako, na nawalaumu wakubwa wa chama chako, waliousoma wakanyamaza. Chifu yule wa 1959 walau alisema hadharani, uso kwa uso. Sisi tumelea vizazi vinavyotukana vikiwa vimejificha, kisha tunauliza kwa nini wasichana hawajitokezi.

Bungeni alifanya nini? Alishiriki kuipatia Mali sheria ya ndoa ya 1962, iliyodai ridhaa ya wanaooana na kuweka kikomo cha mahari. Mwaka huohuo wanawake wa Afrika walikutana Dar es Salaam kuasisi umoja wao, naye alikuwa miongoni mwa waliousukuma. Ndiyo asili ya Siku ya Mwanamke wa Afrika, tarehe 31 Julai, ambayo wengi wenu hamkuijua. Lakini angalieni yaliyofuata. Mapinduzi ya 1968 yalimtoa kwenye siasa, akaenda kuishi Kongo-Brazzaville na mumewe wa pili, akarudi kwao 1979 na kufariki mwaka uliofuata. Sheria mpya ya familia ilipopita bungeni 2009, maandamano makubwa yalimfanya rais airudishe, na iliyotoka 2011 ilikuwa imenyofolewa haki nyingi za wanawake. Mwaka 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo hapa kwetu Arusha, iliamua kwamba sheria hiyo inavunja haki za wanawake na watoto. Haki inayoandikwa bungeni huweza kufutwa bungeni, hasa pale waliochaguliwa wanapowasahau waliowachagua.

Mengine nayataja tu. Msichukue fedha ya mtu atakayekuja kudai tenda. Jifunzeni kusoma bajeti ya halmashauri. Andikeni daftari la kila ahadi mnayotoa. Msiwadharau wabunge wa viti maalumu. Na yaandikeni maisha yenu, kama Aoua alivyochapisha yake mwaka 1975, kabla wengine hawajawaandikia.

Wasalimieni mama zenu.

Ni mimi mama yenu, mkunga mstaafu.