Wajumbe wa bodi wafundishwe kusoma hesabu

Mhariri,

Kila ripoti ya CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, inapotua bungeni, mjadala wa mashirika ya umma huishia kwenye wizi. Naomba tuitazame pia bodi, maana ndiyo inayoidhinisha hesabu za shirika.

Kwenye bodi hizo wamo wahandisi, madaktari na wanasheria waliobobea, lakini fani zao hazikuwafundisha kusoma mizania, yaani taarifa ya mali na madeni ya shirika. Shirika laweza kuonyesha faida nono huku akaunti ya benki ikiwa tupu, kwa kuwa mauzo ya mkopo huandikwa kama mapato kabla mteja hajalipa. Mjumbe asiyelijua hilo atapitisha gawio, yaani mgao wa faida kwa wenye shirika, kisha mishahara ichelewe. Mhasibu mkuu akisema "tuko vizuri", nani atamuuliza wadaiwa wana miezi mingapi hawajalipa?

Msajili wa Hazina, anayesimamia mashirika ya umma, aweke sharti kwamba mjumbe mpya asipitishe bajeti wala hesabu kabla ya kupata mafunzo ya msingi ya fedha, na watendaji wakuu wawemo. Wahasibu waliosajiliwa NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, wanaweza kuyatoa, wakitumia hesabu za shirika lenyewe badala ya mifano ya vitabuni.

Msomaji wako,
Morogoro