Mama Zuhura, usinunue wati za kwenye boksi

Tabata, Dar es Salaam

Swahiba wangu Mama Zuhura,

Salamu nyingi, na hongera kwa kuhamia Magomeni. Umesema Jumamosi unakwenda Kariakoo kuchukua ile sabufa iliyoandikwa wati 5,000. Tafadhali nisikilize kwanza, maana pesa hiyo umeihangaikia.

Soketi ya nyumbani ni ampea 13 kwa volti 230. Zidisha: haifiki hata wati 3,000. Sasa hizo 5,000 zinatoka wapi? Ni namba ya kuuzia. Uliza wati za RMS, yaani nguvu inayoweza kuitoa mfululizo, na usome kibandiko cha nyuma kinachosema inakula umeme kiasi gani. Kwa sebule yako, sauti ya kusikiliza huku mnaongea haihitaji zaidi ya wati moja au mbili kwa kila spika.

Kwa hiyo chukua amplifaya ndogo ya klasi D, zile zinazoenea kiganjani. Transista zake, yaani swichi ndogondogo za ndani, huwaka na kuzima mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde, basi umeme unaopotea kama joto ni mdogo sana. Yangu ya kwanza ilikuwa ya mtindo wa zamani, na ukiigusa juu utadhani pasi. Amplifaya inayokula wati 40 hata ikiwa kimya, ukiisahau imewaka usiku na mchana, kwa mwezi imekula karibu uniti 29 za LUKU. Ya klasi D inayokula wati 5 haifiki uniti 4. Nyingi pia hutumia adapta ya volti 12 hadi 24. Ukipata inayokubali volti 12, umeme ukikatika unaiunga kwenye betri ya sola na taarabu inaendelea.

Pesa kubwa ipeleke kwenye spika. Tafuta mbili za kuweka rafuni, zenye mbao nzito. Ukigonga ubavu zisilie kama debe. Kwenye karatasi yake angalia desibeli, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti, kwa wati moja, umbali wa mita moja. Spika yenye 89 inahitaji nusu tu ya nguvu inayohitajiwa na yenye 86 ili zitoe sauti sawa, kwa hiyo hizo desibeli 3 usizidharau. Omu nazo, yaani ukinzani wa spika kwa umeme, zikubaliane na zilizoandikwa kwenye amplifaya.

Ukivutiwa na za mtumba, pitisha kidole kwenye ule ukingo unaozunguka koni. Ukiwa wa raba, sawa. Ukiwa wa sponji, ziache, hata kama bei inakuvutia. Nilinunua za hivyo, na kwa joto na unyevu huu wetu wa pwani sponji ikageuka unga mikononi mwangu. Niliumia sana, kwa sababu ndizo nilizokuwa nikimwekea marehemu mama nyimbo zake.

Ukizifikisha nyumbani usizibananishe juu ya kabati moja. Zitenganishe, ziwe usawa wa masikio ukiwa umekaa, na zenye tundu nyuma zisigusane na ukuta, la sivyo besi itavuma tu na kufunika fidla.

Jumamosi usiende peke yako. Panda mwendokasi hapo Mapipa, tukutane Gerezani saa nne asubuhi. Nitabeba flashi yenye taarabu tunazozijua sote, na hatulipi mpaka tuisikie ganuni vizuri, waya kwa waya.

Wako akupendaye,
Mama Salum