Baba Mdogo aache maneno

Columbia, Missouri
15 Novemba 2015

Baba, shikamoo. Mama naye apokee shikamoo yangu.

Maneno ya Baba Mdogo, Neema kanifikishia. Eti nimeacha shule, nimejiunga na wahuni wa mgomo, nangojea kurudishwa. Kaona picha moja ya mahema ya wagomaji wa hapa chuoni kwenye simu ya mtu, tayari kaitisha kikao cha ukoo! Si ndiye aliyetangaza mwaka jana kwamba nimeoa Mzungu?

Shule ipo. Takwimu nimepata A, na darasa lile weusi tulikuwa wawili tu. Hilo nalo litangazwe kanisani.

Mahemani nilikuwapo, sikatai. Chuo hiki cha Missouri kilianza kupokea weusi mwaka 1950, ndiyo maana wenzetu wakajiita Concerned Student 1950. Oktoba walizuia gari la Tim Wolfe, mkuu wa matawi yote manne, wamweleze matusi wanayotukanwa. Hakushuka. Tarehe 2 mwezi huu Jonathan Butler akagoma kula mpaka Wolfe aondoke. Siku zikapita, kimya. Jumamosi wachezaji weusi wa timu ya chuo ya mpira wa Kimarekani wakasema na wao hawagusi mpira, kocha akawaunga mkono. Mechi ya Kansas City isingechezwa, chuo kingelipa dola milioni moja. Jumatatu asubuhi Wolfe kajiuzulu! Njaa ya mtu haikuwashtua wakubwa wa chuo kama hesabu ile.

Usiku ule weusi tulipotishiwa mtandaoni kwamba tutapigwa risasi hatukulala vizuri, ila yamepita. Jana timu imecheza, tumeshinda 20 kwa 16. Mpira wao siuelewi, lakini sauti imenikauka.

Unasema haya ni ya Wamarekani, mimi mgeni. Baba, aliyepita na gari akatutukana hakuuliza nani wa Iringa, nani wa St. Louis. Halafu wewe, Machi 1978, si mliandamana Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar, kupinga wakubwa kujiongezea marupurupu, mkafukuzwa? Kila Krismasi ukishashiba unatusimulia, na hujawahi kusema mlikosea.

Hela ya bati nitatuma nusu mwisho wa mwezi. Nusu nyingine itoke kwa Baba Mdogo, kwenye yule ng'ombe aliyemuuza bila kukuuliza.

Miti imepukutika yote, baridi imeanza. Nautamani ulanzi, Mama asisikie. Na kikao hicho cha ukoo kikikaa, ng'ombe awe ajenda ya kwanza.

Mwanao,
Gwakisa