MALALAMIKO: Saa yenu inashika muda wa Burundi nikiwa Kagunga

Kwa huduma kwa wateja,

Habari za kazi. Mimi ni mfanyabiashara wa samaki hapa Kigoma, nachukua mzigo Kagunga kule mpakani nakuja kuuza Kibirizi. Hii saa yenu ya mkononi ya kuweka laini nilinunua kwa wakala wenu hapa mjini mana usiku simu naizima kutunza chaji, na boksi limeandikwa saa inajirekebisha muda yenyewe.

Jamani, inajirekebisha vibaya! Nikilala Kagunga mtandao wetu ukilegea inashika mnara wa Burundi, na Burundi wako nyuma yetu saa moja nzima, wao UTC+2 sisi UTC+3, hata Kongo ng'ambo ya ziwa ni hivyohivyo, kwahiyo inachukua tu muda wa mnara wowote ilioupata. Juzi boti inaondoka saa kumi na mbili asubuhi, nimetegesha alamu saa kumi na moja, imekuja kulia nasikia injini ya boti imeshawaka, natoka mbio watu wananiambia saa kumi na mbili hii mama, mie mkononi naona 5:00. Boti imeondoka, migebuka yangu imebaki kwenye barafu inayeyuka, nimekuja kuiuza bei ya kutupa. Hiyo hasara nani ananilipa?

Mhudumu wenu kasema ni tatizo la kampuni ya simu. Sio kweli kabisa, simu yangu ina laini ya kampuni hiyohiyo, nilizima muda otomatiki nikachagua Dar es Salaam na haijawahi kucheza hata dakika. Kwenye saa yenu ukifungua tarehe na muda kile kitufe cha kuzima kipo ila cha kijivu, unabonyeza hakikubali. Tena akaniambia nirudishe mipangilio ya kiwandani, namba zote zimefutika na tatizo liko palepale.

Naomba mtoe programu mpya itakayoniwezesha kuchagua muda mwenyewe, kama hamuwezi nirudishieni hela yangu yote, na mawakala wenu wa Kigoma, Kasulu na Manyovu wawaambie wateja ukweli kabla hawajatoa pesa, huku mpakani tuko wengi. Risiti nimeambatanisha na picha ya saa ikiwa pembeni ya simu. Anijibu mtu anayehusika na programu, sio tena habari za zima uwashe.