Barua kwa mwanangu: nishani aliyoikataa Collingwood

Mwanangu,

Umeniuliza Collingwood, nahodha wa jeshi la majini la Uingereza, alipata wapi ubavu wa kuikataa nishani ya dhahabu mwaka 1797, mbele ya admerali wake. Tuanze na nishani yenyewe.

Ilianzia kwenye vita vya Juni 1, 1794, Waingereza walipopambana na Wafaransa katika Atlantiki. Ya admerali ilikuwa na upana wa milimita 51, huvaliwa shingoni. Ya nahodha ilikuwa milimita 33, huning'inia kwenye tundu la kifungo cha koti kwa utepe mweupe wenye kingo za buluu. Dhahabu ilikaa baina ya vioo viwili, na upande wa nyuma huchongwa jina la mtu, vita na tarehe. Luteni na mabaharia hawakupata kitu.

Kilichoiharibu ni namna ya kuigawa: nahodha asiyetajwa kwenye ripoti ya Admerali Howe aliikosa. Collingwood alikuwa nahodha wa meli ya Barfleur. Admerali aliyekuwa humo, Bowyer, alipoteza mguu, Collingwood akaendelea kupigana. Howe hakumtaja.

Usidhani nishani ingempandisha cheo. Kijana alihitaji miaka 6 baharini, vyeti vya manahodha wake na mtihani wa mdomo ndipo awe luteni. Collingwood aliingia 1761, uluteni akaupata 1775, kwa kuwa hakuwa na wa kumshika mkono. Nelson, afisa mwenzake wa majini ambaye mjomba wake alikuwa mkubwa serikalini, aliingia 1771 na kuwa luteni 1777. Ukishakuwa nahodha kamili, kama Collingwood mwaka 1780, ni foleni tu: unasogea walio mbele wakifa. Kilichobaki cha kugombania ni heshima.

Na heshima yake aliijenga kwenye mizinga. Manowari (neno lenyewe tulilitwaa kwa Waingereza) yake Excellent ilisifiwa kwa kupiga mikupuo mitatu ya ubavu mzima (mizinga yote ya upande mmoja wa meli kwa pamoja) ndani ya dakika 5. Mzinga wa ratili 32 (huo ni uzito wa risasi yake) wenyewe una uzito wa karibu tani 3. Ukishafyatuka, mmoja huziba tundu la kuwashia kwa kidole gumba, mwingine husugua ndani kwa sifongo mbichi, kisha huingia mfuko wa baruti, kizibo, risasi na kizibo tena. Halafu wote huvuta kamba kuutoa mdomo nje ya dirisha. Sifongo ikipitishwa ovyo, kipande cha kitambaa kinachofuka hubaki ndani, baruti mpya hulipuka mikononi, na mshindiliaji hupoteza mkono. Wapiga mizinga wazembe huishia hapo.

Februari 14, 1797, karibu na Rasi ya St Vincent, katika vita na Wahispania, Excellent iliitwanga meli yao Salvador del Mundo, ikaishinda San Ysidro, kisha ikaenda kumwokoa Nelson aliyezidiwa. Admerali Jervis alipomwambia kuhusu nishani, Collingwood akajibu kwamba hawezi kuipokea ilhali ile ya 1794 amenyimwa. Wakampa zote mbili. Mimi naona alidai haki yake. Ya tatu ilikuwa ya vita vya Trafalgar, 1805. Waliofikisha tatu ni yeye, Nelson na nahodha Berry tu.

Alifia baharini Machi 7, 1810. Utepe wa rangi zilezile ulirudi 1848 kwenye nishani ya fedha, safari hii hata kwa mabaharia wa kawaida, mradi wawe hai na wapeleke maombi wenyewe.

Baba yako